Ikiwa ni Malipo ya Nini? Kufundisha Maneno ya Stakabadhi katika Somo la Kiingereza

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya stakabadhi vinavyouzwa madukani nchini mwetu, maneno yaliyochapwa ni ya Kiingereza. Mstari mmoja huanza kwa "Received with thanks from", wa pili kwa "the sum of shillings", na wa tatu kwa "being payment of" au "being payment for". Mnunuzi wa mabati, mzazi aliyelipa mchango wa chakula cha shule, mpangaji aliyelipa kodi ya chumba, wote hukabidhiwa karatasi hiyo na kuondoka nayo. Aghalabu hawaisomi, na wakiisoma, huishia kwenye tarakimu.

Makala hii yahusu mstari ule wa tatu. Nimeona mara nyingi, wanachuo wanapokuwa katika mazoezi ya kufundisha, kwamba maneno hayo huandikwa ubaoni, huimbwa na darasa zima, kisha hunakiliwa daftarini bila mtu yeyote kueleza yanafanya kazi gani. Mwanafunzi mmoja alipouliza maana yake, mwalimu mwanafunzi alijibu, "Ni kuwa malipo." Jibu hilo si Kiswahili, wala halimfundishi mtoto Kiingereza. Nakusudia basi kueleza mambo matatu: maana ya fungu hilo la maneno, tofauti ya "of" na "for" ndani yake, na namna ya kulifundisha katika darasa la sita au la saba.

Kwa nini mstari huu ufundishwe

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza ni somo. Uamuzi huo ulikuwa na faida kubwa kwa elimu yetu. Lakini karatasi za fedha hazikubadilika zote kwa pamoja na madarasa. Hata stakabadhi za mashine za kielektroniki, ambazo Mamlaka ya Mapato ilianza kuzieneza mwaka 2010, huanza kwa maneno ya Kiingereza "START OF LEGAL RECEIPT". Hivyo mtoto anayemaliza darasa la saba na asiendelee na masomo atakutana na Kiingereza hasa mahali pale ambapo fedha yake inatoka mkononi. Huenda asisome tena hadithi yoyote ya Kiingereza maishani mwake. Stakabadhi ataisoma, au atasomewa na mtu mwingine.

Wazee wa mashamba ya mkonge ya huku Korogwe wanaielewa thamani ya karatasi kuliko sisi. Zama za utawala wa Waingereza, kibarua wa mkonge alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku aliyoimaliza kazi aliyopangiwa iliwekwa alama, na ujira ulitolewa nafasi zote zilipojazwa. Siku isiyotiwa alama ilikuwa sawa na siku isiyofanyiwa kazi, hata kama jasho lilikwisha kumwagika. Karatasi ndiyo iliyosema, si mtu.

Nami nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Nilipokuwa kidato cha pili, kabla ya ada ya shule za sekondari za serikali kufutwa, mama yangu aliuza mahindi, akaja shuleni kulipa shilingi elfu ishirini. Karani aliandika jina, akaandika kiasi, na kwenye mstari wa tatu akaacha maneno yaliyochapwa peke yake: "being payment of", kisha nafasi tupu. Mama hakujua Kiingereza. Alinipa karatasi ile langoni akaniuliza, "Mwanangu, iko sawa?" Nikaisoma kwa sauti, nikafurahi kwamba naisoma vizuri mbele yake, nikamjibu, "Iko sawa, mama." Mwaka uliofuata karani alikuwa mwingine, na daftari la ofisi lilionyesha kwamba fedha ile iliingizwa katika mchango wa majengo. Ada, tuliambiwa, haikulipwa. Tulitoa stakabadhi, nayo haikuweza kutusaidia, kwa kuwa haikusema fedha ile ilikuwa ya nini. Mama alilipa mara ya pili.

Sikulieleza tukio hili ili kumlaumu karani. Nalieleza kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kufundishwa Kiingereza kwa miaka kadhaa, na nilijua kutamka kila neno lililokuwa juu ya karatasi ile. Sikuwa nimefundishwa kuiuliza swali.

Maana ya "being payment"

Sentensi nzima ya stakabadhi husomeka hivi:

"Received with thanks from (jina) the sum of shillings twenty thousand only, being payment of school fees."

Kwa Kiswahili: "Nimepokea kwa shukrani kutoka kwa fulani kiasi cha shilingi elfu ishirini tu, ikiwa ni malipo ya ada ya shule."

Tazama neno "ikiwa". Kiambishi -ki- hapa hakina maana ya sharti, kama katika "mvua ikinyesha tutapanda". Kinaonyesha hali ya kitu kilichokwisha kutajwa, yaani fedha. Neno "being" lafanya kazi hiyo hiyo. Laufunga mstari wa tatu na mstari wa pili: fedha hii iliyotajwa hapo juu, hali yake ni kuwa malipo ya kitu fulani. Kwa hiyo mwalimu asitafsiri "being" kwa "kuwa". Atafsiri kwa "ikiwa ni", na mtoto ataelewa mara moja, maana muundo huo anao tayari katika lugha yake.

Yafuata kwamba "being" haiwezi kusimama bila kutanguliwa na kiasi cha fedha. Mtu akianza barua kwa "Being payment of my rent", msomaji atauliza ni kitu gani hicho kilicho malipo. Fungu hili ni la stakabadhi na hati za malipo. Katika barua ya kawaida, mwanafunzi aandike sentensi kamili: "I have paid twenty thousand shillings for the books." Kulitumia fungu la ofisini katika kila barua hakumfanyi mwandishi kuwa msomi zaidi.

Tofauti ya "of" na "for"

Hapa ndipo penye ugumu halisi, na chanzo chake ni uzuri wa Kiswahili chenyewe. Sisi husema "malipo ya ada", "malipo ya ndoo", "malipo ya fundi", "malipo ya hundi". Neno "ya" moja latosha kwa yote, na msikilizaji huelewa kwa kuyajua mambo. Kiingereza hakikubali hivyo. Hugawa kazi ya "ya" katika mafungu:

1. "Payment of" hutangulia fedha yenyewe au deni: "payment of fees", "payment of rent", "payment of the bill", "payment of 20,000 shillings".

2. "Payment for" hutangulia kitu au huduma iliyopatikana kwa fedha hiyo: "payment for ten buckets", "payment for repairs".

3. "Payment to" hutangulia anayepokea: "payment to the carpenter".

4. "Payment by" hutangulia anayelipa au njia ya kulipia: "payment by the school", "payment by cheque".

Mwanafunzi wa shule ya msingi aanze na mafungu mawili ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayokutana katika mstari wa tatu wa stakabadhi. Ili kuyatofautisha, nawashauri wanachuo watumie kipimo cha Kiswahili. Chukua jina linalofuata na uliweke baada ya "nilikuwa nadaiwa". Likikubali, tumia "of". Kisha uliweke baada ya "nimepata" au "nimefanyiwa". Likikubali, tumia "for".

Tuyapime majina machache. "Nilikuwa nadaiwa ada" ni sentensi nzuri. Basi "payment of fees". "Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba" ni nzuri. Basi "payment of rent". "Nimepata ndoo kumi" ni nzuri. Basi "payment for ten buckets". "Nimefanyiwa matengenezo ya baiskeli" ni nzuri; basi "payment for bicycle repairs".

Faida ya kipimo hiki huonekana zaidi katika jozi. Mtu aliyelipia maji aweza kuandika "payment of the water bill", kwa kuwa ankara ni deni; au aandike "payment for water", kwa kuwa maji ndiyo aliyoyapata. Abiria wa basi la Handeni hulipa "payment of the fare", nauli. Lakini hulipa "payment for the journey", safari. Mpangaji hulipa "payment of rent" na pia "payment for the room". Fedha ni ile ile na tukio ni lile lile. Kilichobadilika ni upande tunaoutazama, ama deni lililofutwa ama kitu kilichopatikana. Jozi za namna hii zitamfikisha mwanafunzi mbali kuliko orodha ndefu ya kukariri.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Mwanafunzi mwerevu atasema, "Mwalimu, mimi nadaiwa ndoo." Mjibu kwamba katika kipimo chetu deni ni lile linalohesabiwa kwa fedha. Anayedaiwa ndoo hurudisha ndoo; anayedaiwa kodi hutoa fedha.

Maneno yanayoandamana nalo

Mstari wa tatu haufanyi kazi peke yake, hivyo yafaa mwalimu ayajue pia maneno manne mengine.

"The sum of" maana yake ni "kiasi cha". Wanafunzi wengi huandika "the some of", kwa sababu masikioni mwao maneno hayo mawili hayatofautiani. Waandikishe kwa kuwakumbusha hesabu: "sum" ni jumla.

"Only" ni "tu". Huandikwa baada ya kiasi kilichotajwa kwa maneno ili kufunga nafasi, mtu asiongeze neno mbele yake. Kiasi huandikwa kwa maneno na kwa tarakimu pia, na kuna sababu. Tarakimu 20,000 ni rahisi kugeuzwa kuwa 120,000, bali maneno ni magumu kugeuza. Kwa upande wa hundi, sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, ambayo sheria yetu imefuata mkondo wake, husema kwamba maneno na tarakimu yakitofautiana, maneno ndiyo yanayoshika. Hii ndiyo sababu ya kumfundisha mtoto kuandika "forty" na "fourteen" bila kosa. Alama ya "/=" tunayoiandika baada ya tarakimu nayo hufunga nafasi ya senti. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 iligawanywa katika senti 100, na shilingi yetu ya Tanzania, iliyotolewa mwaka 1966, ilifuata mgawanyo huo huo.

"Part payment" ni malipo ya sehemu ya deni, na "full payment" ni malipo yaliyokamilika. Mzazi aliyelipa nusu ya mchango astahili kuona "being part payment of", na salio litajwe. Aliyemaliza deni astahili kuona "being full payment of". Neno moja likikosekana hapa, deni lililokwisha kulipwa huweza kufufuka.

"Invoice" ni ankara, yaani hati ya kudai, nayo hutangulia malipo. "Receipt" ni stakabadhi, ambayo wengi huiita risiti, nayo hufuata malipo. Maneno "received with thanks" hayana nafasi katika ankara, kwa kuwa fedha haijapokelewa. Ankara hudai, stakabadhi hukiri.

Makosa ya kawaida

Wanachuo wajiandae kuyakuta makosa haya:

(a) "Been payment of". Mtoto amesikia "being" akaandika "been". Msahihishe kwa kurudi kwenye "ikiwa ni".

(b) "Being paid for". Hapa maana imegeuka. Sasa ni "ikiwa inalipwa", kana kwamba malipo hayajakwisha.

(c) "Being payment of five buckets". Ni "for", kwa kuwa ndoo ni kitu kilichopatikana.

(d) "Being payment for 20,000 shillings". Ni "of", kwa kuwa fedha hainunuliwi kwa fedha.

(e) "Being payment of" kisha nafasi tupu. Wengi hawalihesabu hili kuwa kosa la lugha. Mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Namna ya kufundisha

Utangulizi. Mwalimu aje na stakabadhi za zamani, baada ya kufunika majina ya wahusika kwa karatasi. Zana hizi hazina gharama. Wenye maduka wa hapa Kilole hawakatai kumpa mwalimu kurasa zilizoharibika. Awagawie wanafunzi katika vikundi, na kila kikundi kijibu kwa Kiswahili maswali manne: Nani ametoa fedha? Nani amepokea? Ni kiasi gani? Ni ya nini? Katika hatua hii asifundishe neno lolote la Kiingereza. Kikundi kitakachokuta nafasi tupu kitasema hakina jibu la swali la nne, na hapo somo limekwisha kuanza.

Maarifa mapya. Mwalimu aandike ubaoni kwa Kiswahili majina kumi: ada, ndoo, kodi, nauli, sukari, ankara ya maji, matengenezo ya paa, mchango wa chakula, madaftari, mkopo. Wanafunzi wayagawe katika safu mbili kwa kutumia "nilikuwa nadaiwa" na "nimepata au nimefanyiwa". Safu zikikamilika, ndipo aandike "of" juu ya safu ya kwanza na "for" juu ya safu ya pili. Watoto watagundua kwamba kazi ngumu wameifanya kwa lugha yao, na Kiingereza kimekuja kuipa jina tu.

Kuimarisha maarifa. Lifunguliwe duka la darasani. Mwanafunzi mmoja auze, mwingine anunue, wa tatu awe karani. Mazungumzo yawe mafupi:

"Karibu. Unahitaji nini?"
"Naomba madaftari sita."
"Ni shilingi elfu sita. Karani, mwandikie."

Karani aandike stakabadhi kwa Kiingereza, kisha mnunuzi asiipokee mpaka ameusoma mstari wa tatu na kuueleza kwa Kiswahili. Nafasi ikiwa tupu, mnunuzi airudishe kwa heshima: "Samahani, naomba uandike ni malipo ya nini." Sentensi hii ni sehemu ya somo. Mtoto aizoee shuleni, ili siku atakapokuwa mtu mzima mbele ya dirisha la ofisi asione haya kuisema.

Tathmini. Wape wanafunzi hali tano, kila mmoja aandike mstari wa tatu:

1. Mzazi amelipa mchango wote wa chakula.
2. Shule imenunua boksi nne za chaki.
3. Mpangaji amelipa nusu ya kodi.
4. Fundi ametengeneza madawati.
5. Mama amelipa ankara ya maji.

Majibu yanayotazamiwa ni: "being full payment of the food contribution", "being payment for four boxes of chalk", "being part payment of rent", "being payment for repair of desks", "being payment of the water bill". Katika kusahihisha, mwalimu asianze na tahajia. Aanze kwa kuuliza kama mgeni asiyejua habari, akiisoma stakabadhi ile baada ya miaka miwili, ataweza kujibu maswali yale manne. Kisha ndipo asahihishe "of", "for" na tahajia.

Neno kwa mwanachuo

Huenda mwanachuo akaona kwamba kipindi kizima ni kingi kwa maneno matatu. Lakini mwalimu wa shule ya msingi mwenyewe hushika kitabu cha stakabadhi mapema. Atapokea michango ya wazazi, atanunua chaki, atatoa hesabu mbele ya kamati ya shule. Asiyejua kuujaza mstari wa tatu hawezi kuufundisha, na aweza kujikuta akidaiwa fedha ambayo hakuila.

Nawaomba basi kila mmoja wenu, kabla ya kwenda mazoezini, achukue stakabadhi tatu zilizomo nyumbani kwake au mfukoni mwake, na aujaribu mstari wa tatu kwa kipimo tulichokieleza. Aangalie ni ngapi zinazojibu swali la nne. Mimi ile ya mama ninayo hadi leo, na ndiyo ninayoanza nayo kila nifundishapo somo hili.